Mguno wa Mama kwenye Albamu ya Yasmin

Kwenye jalada la albamu ya kwanza ya Yasmin, wimbo wa tatu umeandikwa hivi: "Asili ya Waluguru. Mtunzi hajulikani." Niliyasoma maneno hayo nikiwa kwenye meza yangu ya ndizi sokoni, nikayasoma tena, halafu nikamwambia mteja arudi baadaye, maana ningemtukana bure. Mtunzi anajulikana. Anaitwa Mwanvita, yuko hai, anaishi huko juu Kinole, ana magoti mabovu, na pilipili manga yake hainyeshewi hata siku moja kwa sababu akiona wingu tu anaianua. Ndiye aliyenizaa mimi, Asha.

Mama hakufundishwa kutunga na mtu. Alikuwa akitunga shambani wakati wa palizi, anajaribu maneno mpaka jembe na wimbo vikubaliane, jioni wanawake wenzake wanaupokea. Alimtungia baba wimbo wa uvivu, baba akaucheza. Alimtungia mwenyekiti wa kitongoji wimbo wa saruji ya zahanati iliyojenga choo chake, na yule bwana akawa anapita njia ya nyuma kwenda msikitini mwaka mzima. Hizo ndizo nyimbo zake nyingi, za kuchekesha na kuumbua.

Wimbo wa tatu si wa namna hiyo. Mwaka 1998, masika yale ya El Nino, mdogo wangu alishikwa na homa. Alikuwa na miaka sita. Barabara ilikuwa imekatika, kwa hiyo wanaume wanne walimbeba kwenye machela kushuka mlima, na mama nyuma yao, na mimi nyuma ya mama na chupa ya uji. Kila hatua nne walisimama kwa sababu ya utelezi, wakabadilisha bega, wakaenda tena. Alikata roho kabla hatujaiona barabara. Wimbo ule ni zile hatua, nne na kusimama, nne na kusimama. Mtu aliyetembea siku ile hawezi kuambiwa kwamba ni asili ya Waluguru.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo pananiuma. Katika ngoma ya mama, jina la marehemu haliimbwi ila makaburini, na anayelitaja ni aliyemzaa. Kwingine kote, ukifika penye jina unafumba mdomo na kuguna. Anayetaka kurithi wimbo wa namna hiyo harithi siku moja. Anakuja mara tatu, bila kuambiwa, na mara ya tatu anapelekwa kaburini kulisikia jina.

Yasmin alikuja mara moja. Ni binti wa mama mdogo, kazaliwa na kukulia Msamvu, Kiluguru chake kinaishia kwenye salamu. Sauti anayo, sitamnyima haki yake. Alimpa mama shikamoo, akatoa sukari na khanga, akategesha simu kwenye kizingiti na kumwomba aimbe. Mama akaimba kumi na moja, na katika ule wa tatu, penye jina, akaguna. Nilikuwa pale pale nachambua pilipili. Ningeweza kumwambia Yasmin kuna kitu hapo hakijasemwa. Nikajisemea, akirudi ataelewa mwenyewe. Hakurudi.

Alikwenda studio kwa prodyuza mmoja anaitwa Jastin, na Jastin akaupenda ule mguno kuliko wimbo wenyewe. Akaukimbiza, akaondoa kule kusimama, akatia ngoma nzito, na mguno akaufanya kiitikio. Mtoto wa mjini anajua anachofanya, wimbo ukashika. Nimeusikia kwenye saluni na kwenye bodaboda. Nimehudhuria harusi ambayo bibi harusi aliingia ukumbini anakata kiuno juu ya machela ya mdogo wangu, na mashangazi wanaguna nyuma yake wakitunza pesa. Nilitoka bila kula, na mimi si mtu wa kuacha pilau.

Nilimpigia Yasmin nikamwaga yote ya moyoni kuhusu jalada. Alilia. Alisema aliyeandika vile ni Jastin, na kwamba siku ya uzinduzi atamtaja mama mbele ya watu. Kuhusu mguno sikumwambia kitu. Wala mama sikumwambia wimbo wake umefanywa nini, kwa sababu nilitaka ausikie mwenyewe, na akasirike kama nilivyokasirika mimi. Nilikuwa nimechoka kukasirika peke yangu.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa harusi pale mjini. Mama aliketishwa mbele kabisa. Yasmin alitimiza ahadi, akasema kwenye kipaza sauti kwamba mtunzi ni mama yake mkubwa, Bi Mwanvita wa Kinole, na ukumbi ukasimama kumpigia makofi. Hapo nilipaswa kutulia. Nilichokuwa nakidai nilikuwa nimepewa.

Halafu wimbo ukaanza. Kilipofika kiitikio, watu mia tatu waliguna kwa pamoja, mikono juu, wanaruka. Nikamtazama mama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameweka viganja magotini, amefumba macho, anaguna na yeye, lakini kwa mwendo wake wa zamani, nne na kusimama, polepole, kana kwamba ukumbi haupo. Nikashindwa kuvumilia. Wanasema hasira hasara, na mimi nimeuimba msemo huo tangu darasa la pili bila kunisaidia chochote. Nilipanda jukwaani nikamnyang'anya Yasmin kipaza sauti.

"Hapo mnapoguna pana jina," nikasema. "Ni mdogo wangu. Anaitwa Mwinshehe."

Nilitegemea kimya. Lakini mpiga ngoma hakuacha kupiga, na watu walidhani ni sehemu ya onyesho. Mmoja akaitikia, Mwinshehe, wa pili akaitikia, na kufumba na kufumbua ukumbi wote ulikuwa unalirusha jina juu kwa makofi. Jastin alinionyesha dole gumba. Yasmin peke yake ndiye aliyeacha kucheza, mkono mdomoni.

Nilipogeuka, kiti cha mama kilikuwa kitupu. Nilimkuta nje, ameegemea ukuta, anahema kwa sababu ya ngazi. Nikaanza kumweleza habari za Jastin na adabu za watu wa mjini, na Yasmin aliyekuja mara moja tu. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Yasmin hakujua," akasema. "Wewe ulijua."

Ndani walikuwa wanaurudia wimbo, na hakuna aliyeguna tena. Jina walikuwa wameshalijua wote.