Nyasi za Krismasi Zilizopatikana Aisilandi

Sesilia Kokushubila binti Telesphor, mjukuu wa mkunga aliyezalisha nusu ya Kamachumu, naye mwenyewe muuguzi wa London miaka thelathini na mmoja, hakuwahi kupokea Krismasi kwenye sakafu tupu. Kwao Buhaya nyumba hutandikwa nyasi mbichi, na hapa Walthamstow alizitandika juu ya zulia, sisi majirani tukavua viatu mlangoni. Kisha magoti yakamgomea. Krismasi mbili zikapita bila nyasi, na binti zake hawakujua kutandika.

Kiangazi cha 2016, akirudi kutoka Boston na mjukuu wake Winifrida, ndege iliwashusha Aisilandi wasubiri nyingine kwa saa saba. Winifrida akakodi gari. Wakapita mawe meusi, mti hakuna hata wa dawa, mpaka penye shamba la nyasi lililofyekwa asubuhi ile.

"Simama! Harufu ya kwa mama hiyo."

"Bibi, ndege!"

"Ndege haina mama. Simama."

Mwenye shamba akawapa nyasi za kujaza mikono miwili, akicheka. Sesilia akaegemea gari, akamwelekeza mjukuu kwa mkongojo namna ya kuzitandika pale chini: mlango wa gari ndio mlango wa nyumba, ncha zielekee ndani, shina lisimchome mgeni.

"Unatandika au unamwaga takataka?"

Winifrida akarudia mara tatu. Ya tatu, bibi yake akavua viatu kwenye baridi ile, akazikanyaga.

"Hizi tuziache, uwanjani hawatatupitisha nazo. Desemba utatandika wewe, na mwaka nisipokuwepo usingoje kuambiwa."