Baridi ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, Elinipa, haogopi nyoka, haogopi mwizi, wala haogopi mtu mwenye cheo. Anaogopa baridi. Ukiumwa kichwa ni baridi. Ukiumwa tumbo ni kwa sababu ulikanyaga sakafu peku, baridi ikapanda. Mbwa akikohoa, baridi. Siku moja betri za redio ziliisha nguvu, akazitoa, akazianika juani, akaniambia kwa uso mkavu kabisa, "Zimeingiwa na baridi hizi." Nilicheka mpaka akaninunia. Wakati huo nilikuwa mchumba tu, nimepanda kijijini Akheri kusalimia wakwe, sikujua yanayonisubiri.

Lakini msimhukumu haraka, jamani. Elinipa alizaliwa huko juu karibu na msitu wa Mlima Meru, enzi ambazo ukungu ulikuwa unalala migombani mpaka saa sita mchana. Anasema mwezi wa saba watu walikuwa wakisalimiana moshi unawatoka midomoni kama wavuta sigara. Alikata majani ya ng'ombe tangu akiwa msichana, vidole vimekufa ganzi, hajui kama ameshika mundu au hajashika. Hata siku ya harusi yake alivaa sweta juu ya gauni. Picha ipo ukutani, la kijani, limefungwa vifungo vyote. Na mpaka leo ana sweta la kijani. Si lile, ni mdogo wake. Analivaa mwezi wa pili, jua la kupasua mawe, na ukimuuliza anakwambia upepo wa mlimani haumtangazii mtu.

Na alizika mtoto. Binti, Ndeshi, mzaliwa wake wa kwanza, kabla ya Meshack ambaye ndiye mume wangu. Mtoto alikuwa mchanga, Julai, ukungu umefunga. Elinipa akatoka mara moja tu kuchota maji mferejini, akaacha mlango wazi. Jioni mtoto akashikwa na homa. Wakamfunika, wakamfunika, hakupona. Ukoo mzima unaijua habari hiyo, na kila anayeisimulia anaimalizia palepale: aliacha mlango wazi.

Basi mimi nikajifungua mwishoni mwa mwezi wa kwanza, katika kiangazi ambacho wazee wenyewe wa Akheri walikuwa wanatikisa kichwa tu. Mvua za vuli zilinyesha kidogo zikasusa. Mlima ulikuwa uchi kuanzia asubuhi, hauna hata kiwingu cha kujisitiri. Migomba imekunja majani, kuku wanatembea midomo wazi, siagi kwenye kopo imekuwa mafuta ya kupikia. Mama yangu mzazi alinipigia kutoka mjini, Ngarenaro nilikokulia, akalalamika kwamba huko watu wanapikia nje na kushinda nje, ndani hakukaliki. Nikamwambia afadhali nyinyi mna nje.

Kwa sababu mimi nilikuwa mzazi. Kwetu Uchagani na kwao Umeruni tunaelewana hapo: mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi mitatu. Anapikiwa mtori wa ndizi, anapewa maziwa ya moto, anafungwa kanga tumboni, hashiki ufagio. Ni heshima hiyo, na wenzangu wa mjini waliorudi dukani watoto hawajakaza shingo walinionea wivu. Sitadanganya, niliitaka. Nani asiyetaka kulala akaletewa supu? Sema wanawake walioianzisha desturi hiyo walikuwa na ukungu mlangoni.

Chumba changu kilikuwa cha tofali na bati, Meshack alikijenga pembeni ya nyumba ya mama yake, hakijawekwa dari. Dirisha moja, dogo, na vioo alikuwa hajaweka, basi Mama akalipigilia mbao kwa nje, kisha kwa ndani akatundika blanketi. Saa nne bati linaanza kulia, ta, ta, ta, linavyotanuka. Saa nane hewa inakuwa nzito unaisikia puani. Na kunywa maji baridi, thubutu! Mzazi akinywa maji baridi maziwa yanaganda kifuani, Mama alisema, kwa hiyo aliniachia chupa mbili za chai zimejaa maji ya moto. Nilikuwa natoka jasho mpaka kwenye kope.

Mimi ningevumilia. Ni mtu mzima, nina domo, naweza kugombana hata na bati. Lakini mtoto?

Mtoto tulimwita Abdiel, jina la babu yake, marehemu mume wa Elinipa, ndiyo maana bibi alikuwa anamwita mume wangu. "Mume wangu ameamkaje leo? Mbona ananinunia? Au mke mwenzangu amemnyima maziwa?" Anambusu, ananikonyeza, halafu anamwongezea soksi. Fulana ya ndani, sweta, sweta lingine juu yake, kofia ya uzi, shali. Kilichobaki nje ni uso, na uso wenyewe mwekundu kama nyanya. Shingo nzima vipele.

"Mama, hili ni joto," nilimwambia.

"Joto haliui mtoto, mwanangu. Baridi ndiyo inaua. Hivyo vipele ni baridi inatoka."

Nilikuwa nangoja atoke nje, namvua sweta moja, nikisikia ndala zake namvalisha tena haraka haraka kama mwizi. Ndani ya chumba changu mwenyewe! Hasira zilikuwa zinanipanda, nikikumbuka Ndeshi zinashuka, bati likilia zinapanda tena.

Nikampigia Meshack. Yeye ni dereva wa watalii, alikuwa mbugani. Nikamwambia, "Njoo unitoe humu, mtoto wako anaiva."

"Vumilia kidogo, mke wangu. Unajua habari ya Ndeshi. Ukifungua hilo dirisha utamuua mama."

"Na nisipofungua?"

"Mtandao unakatika," akasema. Mtandao haukukatika, aisee. Nilimsikia anapumua.

Halafu na mlango nao ukanigeuka. Mbao zilikauka zikajipinda, komeo la ndani likawa halifiki tena kwenye tundu lake. Upepo ukija mlango unafunguka wenyewe, na Mama akiuona uko wazi anakimbia kutoka shambani na jembe mkononi. Akamwita fundi, akapiga komeo kwa nje. Alivyolijaribu akafurahi kweli, akaniambia, "Sasa utalala bila wasiwasi." Tangu siku hiyo akienda kukata majani ya ng'ombe ananifungia. Zamani majani aliyapata hapo kwenye kingo za mfereji, anarudi chai haijapoa. Sasa kingo zimebaki vumbi, inambidi apande mpaka karibu na msitu, na mimi nakaa ndani namsubiri kama mahabusu anayesubiri uji.

Siku yenyewe aliondoka asubuhi akiwa amenifungia, na simu yangu iko nyumba kubwa kwenye chaji. Abdiel alilia sana, nikafurahi kidogo, kwa sababu jana yake alikuwa hata kulia anaona uvivu. Mchana akanyamaza. Nikampa ziwa, akaliacha lidondoke. Nikampa tena. Mdomo mkavu, nepi kavu tangu alfajiri, mwili wa moto kama sufuria, na macho yananiangalia bila kuniona. Yesu na Maria! Nikamvua kila kitu, masweta, soksi, kofia, nikavitupa chini ya kitanda. Hakupoa. Atapoaje, wakati hewa yenyewe ni ya oveni?

Nikapiga kelele. "Mama! Anande! Jamani!" Anande ni jirani yetu, lakini wiki ile majirani wote mchana walikuwa juu kwenye banio la mfereji wakigombania zamu ya maji. Alinijibu jogoo. Nikautikisa mlango, komeo jipya la fundi halikusogea hata kidogo. Maji! Nikashika chupa ya kwanza, nikamimina kwenye beseni, mvuke ukanipiga usoni. Ya pili hivyo hivyo. Wilaya nzima inalilia maji na mimi ninayo, ya kuchemka. Nililia kwa sauti, nikiyapepea yale maji kwa mfuniko wa sufuria ya mtori, niloweshe hata ncha ya kanga nimpanguse mwanangu.

Ndipo nikamweka kitandani, nikaling'oa lile blanketi, nikashika kigoda kwa miguu yake na kuanza kuzipiga zile mbao. Mshono wa uzazi uliniuma mpaka nikaona nyota. Ubao wa kwanza ulitoka, wa pili ukatoka, upepo ukaingia. Upepo wa kawaida tu wa Akheri, wenye vumbi, lakini nilifumba macho. Nikajaribu kupita, kichwa kikapita, mabega yakagoma. Basi nikamchukua Abdiel, uchi kama alivyozaliwa, nikamtoa yeye. Nikasimama juu ya kigoda, mikono yangu yote nje ya dirisha, mtoto kivulini mwa paa akipigwa na upepo, mimi huku ndani uso umebanwa kwenye ukuta. Simwoni. Nahisi tu uzito wake.

Nilikaa hivyo muda mrefu. Nikasikia ndala. Nikasikia mzigo wa majani unaanguka chini.

"Agnela! Unafanya nini? Agnela, unaniulia!"

Akamnyakua. Mikono yangu ikabaki mitupu nje ya dirisha, nikaanza kupiga ukuta nikimwambia asimfunike, Mama nakuomba usimfunike. Hakunisikia. Alimgusa tumbo, akamgusa miguu, kisha akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu.

"Amepoa! Mume wangu amepoa!"

Mtu yeyote mwenye mtoto mwenye homa akisikia amepoa anamshukuru Mungu. Mimi mwenyewe, nikiwa nimebanwa ukutani, moyo ulinirukia kwa furaha. Lakini Mama neno hilo kwa mtoto alilisema mara moja tu maishani mwake, alipomgusa Ndeshi asubuhi aliyomkuta amekufa. Akakaa chini kwenye majani ya ng'ombe, akaanza kumlilia Abdiel kilio cha msiba, na mimi nikasikia nikaamini, nikajua mtoto wangu amekufa mikononi mwangu na mimi simwoni. Sijui nilisema nini.

Katikati ya kilio hicho Abdiel akapiga chafya. Akaanza kulia, kilio chembamba, cha hasira, cha mtu aliyeamshwa.

Anande alikuja mbio kutoka banioni kwa sababu ya yale mayowe, akidhani ni msiba. Ndiye aliyefungua komeo, ndiye aliyetupakia kwenye pikipiki yake mpaka zahanati, mimi na mtoto, na bibi nyuma yetu na shali mkononi. Muuguzi alimpima, akamsikiliza kifua, akamuuliza Mama mtoto alikuwa amevalishwa nini. Mama akataja kimoja kimoja, hakuficha. Yule dada akashusha pumzi.

"Bibi, huyu hana nimonia. Huyu mmempika. Mtoto akiwa wa moto anapunguziwa nguo, haongezewi."

Mama akasema, "Asante, mwanangu." Shali alilikunja akaliweka mapajani. Walitushikilia hadi jioni, Abdiel akanyonya, akalowanisha nepi, nikalia tena kwa sababu ya nepi.

Kesho yake mlango ulikuwa wazi na mbao hazikurudishwa dirishani. Mimi sikumcheka Mama wala sikumnunia, ingawa maneno niliyokuwa nimemwandalia yangejaza gunia. Mchana tukakaa wawili kizingitini, mimi nanyonyesha, yeye anaangalia mlima. Alikuwa amevua sweta, limekaa mapajani. Tangu niolewe sikuwa nimeiona mikono yake ikiwa wazi. Ilikuwa myembamba kuliko nilivyodhani.

"Agnela," akaniita kwa jina. "Ndeshi alikuwa wa moto."

Nikamgeukia.

"Alikuwa wa moto sana. Nikamfunika. Akazidi, nikaongeza blanketi la baba yake. Akazidi, nikaenda kwa mama yangu nikaazima la kwake. Tukawasha na moto mkubwa. Nikamfunika mpaka akapoa."

Alisema polepole, kama mtu anayepapasa kitu gizani na ameanza kukitambua. Nikaona anakokwenda. Mimi niliyelichukia neno baridi kuliko yote duniani, niliyeapa nikitoka chumbani sitaki tena kulisikia, nikamshika mkono.

"Hapana, Mama. Miaka ile kulikuwa na baridi."

"Baridi kali?"

"Kali sana. Ukungu mpaka saa sita. Si wewe mwenyewe ulinisimulia?"

Akafikiri. "Na mlango niliuacha wazi."

"Uliuacha wazi, Mama."

Aliniangalia, na sijui kama aliniamini. Kisha akalichukua lile sweta lake la kijani, pale pale kwenye jua la saa nane, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.