Shimo Lililokataliwa na Kompyuta

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, miaka ile ya tisini, nilipokuwa msichana pekee katika ofisi ya watafiti wa dhahabu upande wa Geita. Niliandika programu ya kuchora ramani, ili wachorongaji, wale wanaotoboa ardhi kutafuta dhahabu, wajue pa kusimamisha mtambo wao.

Humo niliweka aina, yaani kundi la vitu vya kuchorwa, iitwayo Shimo, kisha nyingine, ShimoKongwe, iliyorithi kila kitu kutoka kwa Shimo. Hiyo ilikuwa ya mashimo ya wachimbaji wa kale, yaliyokwisha kufunikwa na nyasi. Lakini kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu yaeleweke na mashine, ilikataa. Ikaandika kwenye kioo: ShimoKongwe si Shimo. Nikahakiki herufi kwa herufi, sikuona kosa. Siku tatu jibu ni lile lile, hata nikaogopa kukitazama kile kioo, kana kwamba mlikuwa na mtu ndani asiyetaka jambo lile lisemwe.

Mkubwa wetu alitaka ramani. Nikaona haya kusema nimekwama, nikaifuta ile sehemu ya mashimo ya kale. Kompaila ikanyamaza. Ramani ikatoka safi.

Kesho yake, jua la utosini, mtambo ulisimamishwa penye alama yangu. Mara chuma kikazama chenyewe. Kisha ardhi ikapumua, mwanangu: hewa baridi ilitupuliza miguuni, na chini kabisa tukasikia kokoto zikidondoka, zikidondoka, zisifike. Mchorongaji mmoja akadidimia hadi kiunoni. Tulimvuta kwa kamba. Akatoka mzima.

Mzee Masanja, mpima ardhi wetu, akanigeukia.

"Binti yangu, vipimo vya shimo hili nilikupa mwenyewe. Liko wapi kwenye ramani?"

"Mashine ililikataa, mzee."

"Na wewe ukakubali?"

Akageuka kwenda kukunja kamba.

Baadaye tuliletewa kompaila mpya. Nikaipa maandishi yale yale niliyoyahifadhi kwenye diski, bila kugusa hata nukta. Ikayapokea. Kosa lilikuwa la ile ya kwanza.

Mwanangu, mashine imetengenezwa na watu, nayo hukosea kama wao. Ukikwama, sema, kuuliza si ujinga, na mficha maradhi kifo humfichua. Ila usifute ukweli ili tu uache kukataliwa. Mungu akupe moyo wa kusimama na unachokijua, na wote wanaoitegemea kazi yako warudi kwao salama.