Sensa Mpya, Ekzosi Yenye Tundu

Leo nimemwacha mtu juani nikiwa na jerikeni ya petroli mapajani. Nihukumuni.

Asubuhi pale gereji Lodwar, fundi mmoja mwenye kompyuta alikuwa anafungia pikapu yake sensa ya oksijeni, ipime moshi unaopita kwenye ekzosi na injini ijirekebishie petroli yenyewe.

Nikamwambia, "Ekzosi ina tundu kabla ya kufika sensa. Itavuta hewa, sensa itasema petroli ni kidogo, na injini itazidi kuimwaga."

"Mkimbizi, rudi kambini."

Wateja wote wakacheka.

Saa nane, nikiwa kwa boda narudi kambini Kakuma, nikamkuta njiani, pikapu imezimika. Ekzosi nyeusi tii, tangi kavu.

"Ndugu yangu, nisaidie."

Sasa mimi ni ndugu, mnaona.

Boda akapunguza mwendo. Nikamsalimia kwa Kiturkana, "Ejok." Nikampigia jerikeni kofi, asikie imejaa.

"Si uliniambia nirudi kambini? Ndio narudi."