Siku Saba za Kumkomoa Mkurugenzi

Nililala nimenuna usiku ule, sijala, na gauni la kazini bado liko mwilini. Mchana wake nilikuwa nimepeleka barua ya kuacha kazi. Mkataba wangu unasema notisi ni mwezi mmoja. Mimi, kwa hasira, niliandika naomba ipunguzwe iwe siku saba tu. Nilitaka kumkomoa mkurugenzi. Nilitaka ahangaike, anibembeleze, aseme, "Mwanaidi, tafadhali, utatuachaje ghafla hivi?" Wapi! Aliisoma barua amesimama, akasaini hapohapo juu ya kabati, akanirudishia nakala, kisha akaniuliza kama feni ya chumba changu cha kazi ni nzima. Feni, jamani! Mtu amekutumikia miaka kumi na mitano, unamuuliza habari za feni.

Kazi yangu ni kutengeneza miguu bandia, hapa Tanga, kwenye karakana ndogo ya mtu binafsi. Mguu wa bandia haupimwi mara moja mtu akavaa akaenda zake. Kigutu, ile sehemu iliyobaki baada ya kukatwa, hupungua uvimbe wiki hadi wiki. Kwa hiyo mgonjwa anakuja kujaribu mara tatu, na kila mara tunakichonga upya kikombe anachoingizia kigutu chake. Mkurugenzi akaja na amri yake: jaribio moja tu, mguu utoke, aingie mwingine. Nikamwambia watu watatoka vidonda. Akaniambia mimi nina maneno mengi. Ndipo nikaandika ile barua.

Jioni nilimpigia simu mgonjwa wangu mmoja, Zaituni, fundi cherehani wa Muheza. Kisukari kilimkatisha mguu wa kulia. Alikuwa amefanya jaribio la kwanza tu, la pili lilikuwa wiki mbili mbele. Nikamwambia naondoka, atahudumiwa na mwingine. Akasema, "Haya, dada. Mungu akujalie huko uendako." Basi. Nilitamani angenitukana.

Nikajitupa kitandani. Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi.

Niko ofisini kwa mkurugenzi, nina barua mkononi, naye hayupo. Mezani pake zimejaa kalibu za plasta, zile tunazomiminia umbo la kigutu cha kila mgonjwa, na kila moja ina jina. Naona majina ya watu niliowahudumia zamani hata nikawasahau. Huko nje kuna mtu anatembea koridoni. Mguu mmoja unakanyaga, wa pili unaburuzwa. Nikawaza, nani huyu katoka humu na mguu mbovu namna hii? Nikaudhika hata kabla sijamwona.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Fundi Mbaruku.

Fundi Mbaruku ndiye aliyenifundisha kazi, na huu mwaka wa nne tangu tumzike. Alikuwa mtu wa taratibu. Kabla ya kumkabidhi mgonjwa mguu, alitia ngumi yake ndani ya kikombe, akaunywea mguu ule chai, kama tulivyozoea kusema kwa utani: mkono wa kulia umo ndani ya kikombe cha mguu, wa kushoto umeshika kikombe cha chai, mpaka chai iishe. Mkono ukimuuma mahali, aliuacha mguu pale benchi, akachukua tupa, akaanza kukisugua kikombe upya. Tulikuwa tunamcheka. Lakini hakuna mgonjwa wake aliyerudi na kidonda.

"Shikamoo, fundi," nikasema.

Hakuitikia. Mtu aliyekuwa akiitikia shikamoo za watoto wa mtaa mzima, mimi ananipita kama nguzo. Ndipo nikatazama chini nikaona kinachomfanya achecheme. Fundi Mbaruku, aliyezikwa na miguu yake miwili mizima, amevaa mguu wa Zaituni. Niliujua kwa ule mkanda wa khanga aliousuka Zaituni mwenyewe akisema mikanda yetu inamkwaruza. Kikombe hakijachongwa bado. Damu inachuruzika, inaingia kwenye kiatu chake.

"Fundi, vua! Huo haujaisha!"

Anakwenda tu, nami namfuata, na koridoni hatutokei uani kama kawaida, tunatokea Muheza, barazani kwa Zaituni. Ni asubuhi, jua limeshachomoza. Zaituni hayupo. Ipo cherehani yake, na mashati ya shule yamekatwa, yamelundikwa kwenye mkeka yanangoja kushonwa. Fundi anaketi, anaweka ule mguu kwenye pedali. Unateleza. Anauweka tena, unateleza tena. Kifundo chake ni kigumu, maana nilikuwa nimepanga kukilegeza kwenye jaribio la pili. Anauweka mara ya tatu, shati linaruka, sindano inakatika.

Hapo nikashindwa kujizuia, nikaanza kumwaga yote. Nikamwambia, fundi, wamenidharau! Wamefuta majaribio yako matatu, wamesema ni ya kizamani. Nikamwambia mtu anakuja na mguu umekatwa juzi, kigutu kimevimba, wanampa mguu siku hiyohiyo wanampiga picha akitabasamu. Nikamwambia nilivyoulizwa feni. Nilikuwa nalia kwa hasira, napiga mguu chini. Naye ananisikiliza kama alivyokuwa akinisikiliza zamani nikiharibu kalibu, mikono magotini.

Nilipomaliza, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Hizo siku saba aliziomba nani?"

"Mimi."

"Nani amefurahi?"

Sikutaka kujibu. Mdomo ukajibu wenyewe. "Mkurugenzi."

"Basi umemkomoa nani?"

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Fundi Mbaruku sikumsikia akipaza sauti hata siku moja maishani mwake, na hapo pia hakuipaza, lakini alikuwa amekasirika, tena mimi ndiye niliyemkasirisha, si yule mkurugenzi. Akaunyoosha ule mguu mbele yangu.

"Nivue."

Nikapiga magoti. Navuta mkanda, hautoki. Natafuta fundo, silioni. Kila nikivuta, unazidi kubana, na mikono yangu inateleza kwa damu, na mashati ya shule kwenye mkeka yanazidi kuwa mengi, yanafika ukutani. Nikamwambia, fundi, siwezi, muda hautoshi! Akainama, akaniambia karibu na sikio, polepole:

"Hasira ni zako, Mwanaidi. Mguu ni wake."

Nikaamka nimekaa kitandani, nimeshika kifundo changu mwenyewe kwa mikono miwili. Kulikuwa kunapambazuka, adhana imeshapita. Nikamwombea dua marehemu. Halafu, Mungu anisamehe, nikamlaumu. Kwa nini asimtokee mkurugenzi? Mwenye amri ni yule, aliyefuta majaribio ni yule, amelala zake fofofo na feni juu ya kichwa. Anayesumbuliwa ni mimi!

Lakini nilijua kwa nini. Yule asingeutambua mguu wa Zaituni hata angevalishwa yeye.

Nikawasha taa, nikachukua karatasi. Niliandika mistari miwili tu: nafuta ombi langu la kupunguziwa notisi, natumikia mwezi mzima kama mkataba unavyosema, na kila mgonjwa niliyemwanza ninammaliza kwa majaribio matatu. Kuacha kazi sikukufuta. Pale sikai, hata wanipambe maua. Kisha nikampigia simu Zaituni, nikijua fundi cherehani huamka mapema.

"Dada Mwanaidi? Kwema huko?"

"Kwema. Jaribio lako la pili lipo palepale. Na la tatu lipo. Uje."

"Si jana umeniambia umeacha kazi?"

"Nimeacha. Lakini nina mwezi wangu, na sitoki mpaka uishe."

"Na bosi wako atakubali?"

"Athubutu kukataa," nikasema, huku natafuta viatu.