Punje Sita kwenye Pindo la Kitenge

Jumapili iliyopita, hapa Goma, binti yangu wa miaka minne aliweka kijiko chini, akanyoosha kidole na kuanza kutuhesabu mezani. Wamemfundisha huko shule ya watoto wadogo, na siku hizi hakuna kinachopona: ngazi, vifungo vya shati la baba yake, vipande vya viazi kwenye sahani. "Papa, moja. Mama, mbili. Kaka, tatu." Akatutazama kwa majivuno. "Tuko batatu."

Nilimkamata kile kidole kwa nguvu hadi akalia. Mume wangu alinitazama kana kwamba hanijui. Tulikuwa wanne mezani pale, rafiki yangu, mtoto alikuwa amejisahau tu, na kwa watu wengine hilo ni jambo la kucheka. Mimi nilishindwa kumaliza sombe yangu ya majani ya muhogo. Mume wangu nilimwambia kichwa kinaniuma. Wewe acha nikueleze.

Nilizaliwa juu ya Burungu, mlimani, mahali ambapo asubuhi ukungu ulifika hadi mlangoni na ng'ombe wa jirani ulimsikia kabla ya kumwona. Hesabu sikuijulia shuleni. Niliijulia shambani, mgongo umeinama, nyuma ya jembe la Mama. Yeye alichimba kishimo, mimi nikadondosha punje za maharage: mbili kwa kila shimo, tatu pale udongo ulipokuwa mbaya. Nikitia nne aligeuka bila kuambiwa, sijui aliona kwa macho gani. Jioni vilitoka viazi vilivyochemshwa na maganda yake, vikinuka moshi, na bibi yangu, Koko kama tulivyomwita, aligawa viwili viwili, vya kichanga akavila Mama. Hapo ndipo nilipogundua kwamba viazi kumi na vitano havitoshi watu wanane. Aliyepata kimoja alikuwa Koko siku zote. Alisema hana njaa, nasi tulimwamini kwa furaha kubwa. Nilikuwa na miaka sita na nilijiona profesa.

Nyumbani tulikuwa Mama, Koko na watoto sita: dada yangu mkubwa, kaka wawili, mimi, mdogo wangu wa kiume aliyenifuata, na kichanga aliyeishi mgongoni mwa Mama. Papa alikuwa Walikale, msituni, akilima kwa wajomba zake, na alirudi mara chache. Mbuzi wetu niliruhusiwa kuwahesabu hata mara kumi kwa siku. Watu, hapana. Hilo kwa Koko lilikuwa katazo kubwa kuliko kuiba sukari.

Siku moja mchana mvua ilitufungia wote jikoni. Kila mtu alikuwa mbele yangu, amekaa kuzunguka moto, wote wamepangika vizuri kama punje kwenye ungo. Nilishindwa kujizuia. Nilinyoosha kidole: Koko, Mama, kichanga, dada, kaka, kaka, mdogo. "Saba," nikasema kwa sauti, na kusubiri kusifiwa.

Koko alinipiga mkono, kofi moja kavu, akatema mate kwenye majivu. "Hapana hesabu bantu na kidole. Bantu haiko mbuzi. Ukisema iko ngapi, kifo nayo inasikia." Hakuna aliyeniambia kwamba hata hesabu yenyewe nilikosea, kwamba nilijisahau. Mama hakuwa na idadi yetu kichwani, alikuwa na majina yetu. Basi ile saba ikabaki hewani, ikaniingia mimi na nadhani ikamwingia na yeye.

Tangu siku ile niliogopa. Mdogo wangu akikohoa, mimi chakula kilinishinda. Nilimfuata hadi chooni. Nilijua kifo kimesikia, na kwamba nilikionyesha kwa kidole changu mwenyewe.

Koko alikuwa na njia yake. Kwenye pindo la kitenge chake alifunga punje sita za maharage mekundu. Tukienda sokoni au shamba la mbali, alifungua fundo na kumpa kila mtoto punje yake aishike. Mkono wake ukibaki mtupu, tuliondoka. Tukifika, alizikusanya tena. Hakutaja namba hata siku moja. Mimi niliona ni mchezo wa wazee, na mara mbili niliwahi kuitafuna yangu.

Asubuhi ile masasi ya bunduki yalipoanza kulia upande wa juu, hapakuwa na nafasi ya punje. Sufuria ilikuwa motoni. Mama alimfunga kichanga mgongoni, dada akabeba bidoni la maji, Koko akashika fimbo, tukatoka na kijiji kizima kushika njia ya Muheto. Miguu ilikuwa mingi mno. Mbuzi walipita kati yetu, magodoro yalipita juu ya vichwa vya watu, na mahali pa kutazama uso wa mtu niliona migongo tu. Mlio mmoja ulikuwa karibu sana hadi nikajikojolea, nakuambia ukweli.

Kwenye miti ya mikaratusi Mama alisimama, anahema. "Bote iko? Batoto bote iko?"

Dada alikuwa mbele, kaka mmoja nyuma ya mzigo, mwingine ameshika fimbo ya Koko. Kila mtu alikuwa akipiga kelele. Na mimi, profesa, nikahesabu. Nilikuwa nimejishika kifua kwa hofu, basi nikaanzia hapo hapo mkono ulipokuwa: mimi, Mama, kichanga, Koko, dada, kaka, kaka. Ikatoka namba niliyoijua.

"Saba, Mama. Tuko bote."

Mama alisikia saba akakumbuka saba ya jikoni. Tukaendelea.

Tulitembea muda ambao ungetosha kuivisha maharage. Kwenye kijito Koko aliketi juu ya jiwe, akafungua pindo la kitenge. Alimpa dada punje. Akawapa kaka zangu. Akanipa mimi. Ya kichanga aliiweka kwenye mkono wa Mama. Kisha akabaki ameshika moja, anaitazama kwenye kiganja chake chenye mikunjo.

"Hii ya nani?" akauliza.

Sauti aliyoitoa Mama sitaki kuieleza. Aliniwekea kichanga mapajani na kugeuka. Mama jirani alimshika kanga. "Mama, usirudie kule. Banapiga mpaka ku masomo, pale batoto banasomea." Mama alijibu bila kusimama, "Mutoto wangu iko kule," akaachia kanga mkononi mwa yule mwanamke na kwenda peke yake, akipanda pale watu wote walipokuwa wakishuka.

Sikulia. Nilikaa na kichanga, na nilikuwa na hakika kwamba nimemuua mdogo wangu mara mbili, mara ya kwanza kwa kidole jikoni, mara ya pili kwa mdomo kwenye mikaratusi, na kwamba sasa nimemuua na Mama. Kila mlio kutoka kule mlimani niliuhesabu bila kutaka. Nilifika thelathini na moja, ambayo ndiyo namba ya mwisho niliyoijua, kisha nikaanza upya. Koko alikaa na ile punje ngumini. Jua lilitoka upande mmoja wa kijito likahamia wa pili.

Mama alirudi miguu mitupu, mdogo wangu mgongoni. Alimkuta kwenye shamba nyuma ya nyumba yetu, amejilaza mtaroni kati ya matuta, kimya kama alivyofundishwa. Koko alimpa punje yake, naye akaitia mdomoni moja kwa moja. Ndipo nilipolia.

Koko alinivuta kwake. Nilijikunja nikingoja kofi. "Hesabu," akasema.

"Koko, mi naogopa."

"Hata mimi naogopa. Hesabu. Anzia kwako."

Nikaweka kidole kifuani. Nane. Alinirudisha mwanzo, nikahesabu tena, na tena, mbele ya watu wote, naye ni mwanamke yule yule aliyetema mate majivuni. Sikuwahi kumwuliza kama kifo kilisikia.

Miaka mitatu baadaye tulikimbia tena, na safari hiyo Koko hakuinuka kitini. Alifungua fundo, akaniwekea zile punje mkononi. "Miguu yangu imekataa. Wewe njo utabagawia sasa." Mama alimbembeleza, akamvuta, akalia, hadi watu wakatupita. Koko alikuwa ameshageuza uso kuutazama moto.

Leo mlima ule una watu nisiowajua. Jiko letu halipo, na mahali lilipokuwa wanasema pameota magugu yanayomfikia mtu kiunoni. Kaka mmoja yuko Walikale alikobaki Papa, dada yuko Bukavu, mdogo wangu ana ndevu na pikipiki, na wengine nao wametawanyika. Kila Jumapili nawapigia simu mmoja mmoja, na wananicheka kwamba nauliza jambo moja tu: uko wapi. Maharage tunanunua sokoni, yamechaguliwa tayari. Sijaona tena mtu wa kufunga punje kwenye pindo.

Jumapili ile jioni nilimwita binti yangu, nikamwomba radhi, nikachukua kidole kile kile na kukiweka kifuani pake. "Anzia kwako," nikamwambia. Alifika nne, akacheka, akakimbia kwenda kuhesabu sandali.

Mimi nilibaki mezani nikikumbuka kijito, ile mara ya pili. Niligawa punje kama nilivyoagizwa. Kila mkono ulipata yake, nami nikabaki na yangu peke yake, na kwa kitambo kidogo nilifurahi, nikamwambia Mama tumetimia. Ndipo nikatambua kwamba kwa miaka yote ile, ndani ya fundo lile, Koko hakuwahi kujiwekea punje yake.