Picha ya Mama Dirisha

Ukija kliniki yetu kutafuta meno meupe, utaanzia kwangu. Mimi ndiye ninayekaa mapokezi, mwenye kalamu sikioni na uso ambao wagonjwa wengine husema ni mkavu. Si mkavu. Ni uso wa mtu ambaye tangu asubuhi ameulizwa mara arobaini kama itauma.

Nikishaandika jina lako, hupelekwi kwenye kiti. Unapelekwa dirishani, hatua nne kutoka mezani pangu. Hapo atakupokea mwanamke mfupi mwenye barakoa ya kijani, msaidizi wa daktari, naye atakushika kidevu na kukugeuza kwenye mwanga kama anayechagua papai. Mkononi ana ufito wenye vijino kumi na sita vya bandia, vimepangwa kuanzia cheupe kabisa hadi kilichokolea manjano. Atavipitisha kimoja kimoja kando ya jino lako mpaka apate pacha wake. Kwenye faili vijino hivyo vinaandikwa kwa herufi na namba. Yeye anaviita maziwa, pembe ya ndovu, mchanga, chai ya maziwa, na cha mwisho kabisa anakiita "huyu alivuta sana".

Daktari ana taa kubwa ya kisasa juu ya kiti, lakini Mama Dirisha, kama tunavyomwita, haiamini. "Taa ina maneno mengi," husema. "Jua halikujui, halina sababu ya kukusifu." Na lazima apime mwanzoni kabisa, kabla mdomo haujakaa wazi muda mrefu, kwa sababu jino likikauka hujifanya jeupe kuliko lilivyo. Ukilipimia hapo, mgonjwa atarudi kesho yake kulalamika kwamba rangi imetoroka.

Kisha anamwaga somo. Nimelisikia miaka kumi na moja, naweza kulitoa usingizini. Dawa ya kung'arisha haiwekwi kwenye jino lililotoboka wala kwenye fizi zinazotoka damu, kwa hiyo kwanza tunaziba na kusafisha. Jino la bandia halibadiliki rangi, na lililozibwa halibadiliki pale lilipozibwa. Ukiwa nalo mbele, wenzake watang'aa, lenyewe libaki linashangaa. Mjamzito asubiri ajifungue. Kuna dawa kali, ya hapa kwenye kiti, fizi zikiwa zimekingwa, saa moja na ushei. Kuna dawa nyepesi ya kwenda nayo nyumbani, unaivaa ndani ya kifuniko cha plastiki kilichofinyangwa kwa umbo la meno yako mwenyewe, kidogo kila siku, wiki mbili tatu. Zote mbili zinaweza kukuachia meno yanayoshtuka kwa baridi siku kadhaa. Hakuna inayodumu milele. Na ukitoka hapa ukaenda moja kwa moja kunywa kahawa, usinitaje.

Mara kwa mara mgonjwa humuuliza, "Na wewe mwenyewe umefanya ipi?" Hapo Mama Dirisha hukohoa, akamwelekeza kwenye kiti.

Kinyozi hajinyoi. Mama Dirisha alikulia mahali ambapo maji ya kisima yana madini kupita kiasi, na mtoto akiyanywa wakati meno yake yanaumbwa, meno hutoka na mabaka ya kahawia. Si uchafu, na mswaki hauyatoi. Kwao karibu kila mtu anayo, kwa hiyo hakuna anayeyataja. Alipokwenda kusoma mbali na nyumbani ndipo mwenzake mmoja darasani alipomuuliza kama kwao hakuna miswaki. Tangu siku hiyo akajifunza kucheka kiganja kikiwa mdomoni. Baadaye akapata kazi inayotaka barakoa kutwa nzima, akashukuru. Chai ya saa nne aliinywa akiangalia ukuta. Mimi meno yake niliyaona kwa bahati mara tatu nne tu, nikanyamaza, nikidhani ndiyo adabu.

Mwaka jana daktari akaja na wazo. Ukutani hapa mapokezi tuna picha za wagonjwa, mbili mbili, kabla ya matibabu na baada. Akataka na sisi tuwekwe, tukitabasamu, bila barakoa, ili watu wawaone wanaowahudumia. Mpiga picha angekuja Jumatatu. Alisema hayo Ijumaa mchana, akaenda zake kunawa mikono. Nilimtazama Mama Dirisha. Alikuwa anapanga vioo vidogo kwenye trei. Akavipanga, akavipangua, akavipanga tena.

Mtu mwingine angejifanya mgonjwa. Yeye anajua sana, na kujua sana ndiko kulikomponza. Kifuniko cha plastiki anacho, alijitengenezea miaka mingi iliyopita alipokuwa anajifunza kufinyanga. Akapiga hesabu zake: dawa nyepesi inataka wiki tatu, naye ana siku mbili. Akafungua kabati, akachukua bomba moja la dawa kali, akalitia mkobani. Kliniki yetu ina sheria moja ambayo daktari hairudii mara mbili, kwamba dawa kali haitoki mlangoni. Msaidizi aliyekuwapo kabla yake aliachishwa kazi kwa hilo hilo. Jumamosi akakijaza kifuniko, akakivaa, akapiga pasi nguo za wiki nzima nacho kikiwa mdomoni. Miaka kumi na tisa amewaambia watu kwamba dawa hiyo haivaliwi hivyo, kwamba bila kinga fizi zitaungua. Lakini hao walikuwa wagonjwa.

Jumatatu nilijua kuna jambo kwa sababu ya chai. Mama Dirisha hunywa chai inayotokota, mimi hata kikombe chake siwezi kukishika. Siku hiyo aliiacha ikapoa, akaipuliza tena, akaonja, akafumba macho.

"Dada, unaumwa nini?"

"Ujinga," akasema.

Akanivuta stoo, akashusha barakoa. Fizi zilikuwa zimebabuka, pembeni zimekuwa nyeupe. Mabaka ya kahawia yalikuwa palepale, yamefifia kidogo tu, na katikati yake yamezuka madoa meupe kama chokaa iliyomwagika.

"Haya meupe yatatulia baada ya siku kadhaa," alisema kwa sauti yake ile ya dirishani, kana kwamba mgonjwa ni mtu mwingine. Kisha sauti ikamwisha. "Nimejiharibu, mdogo wangu."

Nilitaka kumgombeza. Nikamkumbatia kwanza, halafu nikamgombeza.

Picha zikapigwa. Daktari alitabasamu kama mtu anayesubiri kupiga chafya. Mimi, na hili ninalisema bila kujisifu, nilitoka vizuri. Mama Dirisha alisema ana mafua, akapigwa akiwa na barakoa yake. Jumanne zikatundikwa, watatu ukutani, wawili meno nje na mmoja macho tu. Mgonjwa wa kwanza kuziona aliniuliza kama huyo wa katikati anatafutwa na polisi.

Jumatano akaja binti wa miaka ishirini na kitu, leso mdomoni. Jumatatu inayofuata alikuwa anaanza kazi benki, dirisha la mbele kabisa. Mama Dirisha akamsimamisha kwenye mwanga, akainua ufito, na binti alipoondoa leso, ule mkono wenye ufito ukabaki hewani. Yalikuwa mabaka yaleyale. Akamuuliza kwa upole amekulia wapi. Binti akamtajia, nami nikajua kwa jinsi Mama Dirisha alivyoitikia kwamba hapo na kwao ni pua na mdomo.

Tena fizi za binti zilikuwa nyekundu. Kumbe wiki mbili alikuwa anasugua mkaa na ndimu, asubuhi na jioni. Daktari akaitwa, akaja na kurunzi yake, akaangalia, akavuta pumzi.

"Leo hatung'arishi kitu," alisema. "Ndimu imelainisha ganda la nje la meno, mkaa ukalikwangua, na fizi zina vidonda. Zipone kwanza. Halafu tutakupa dawa nyepesi, wiki kadhaa. Mabaka haya yako ndani ya ganda lenyewe, dawa peke yake haitayamaliza. Yatakayobaki tutayasugua kidogo sana juu juu, na ikibidi tutayafunika kwa utando mwembamba wa rangi ya jino. Tuseme miezi mitatu."

"Mimi naanza kazi Jumatatu."

"Utaanza nayo hivyo hivyo."

Ni daktari mzuri sana, ila Mungu alipogawa maneno ya kubembeleza yeye alikuwa ananawa mikono. Binti akafungua mkoba, akatoa kichupa kisicho hata na karatasi.

"Basi nitatumia hii. Kuna mtu stendi anauza, saa moja tu meno yanakuwa kama karatasi. Aliniambia nyie mnarefusha makusudi."

Daktari akamwambia vichupa vya namna hiyo huwa na asidi, na ganda la jino likishaliwa halioti tena. Binti akatikisa kichwa, machozi yanamlengalenga.

"Nyie meno yenu mazuri. Mtajuaje mtu anavyojisikia? Hata huyu," akamwonyesha Mama Dirisha kwa kidole, "anaongea tu nyuma ya barakoa."

Akaanza kwenda mlangoni. Mimi nilikuwa nimeona jambo ambalo hao wengine hawakuliona. Mkono wa Mama Dirisha ulikuwa umeshafika sikioni, kwenye kamba ya barakoa. Daktari amesimama hatua mbili kutoka kwake. Akivua, ataulizwa dawa imetoka wapi. Asipovua, binti anaondoka na kichupa.

Akavua.

"Mwanangu, rudi hapa dirishani," alisema. "Niangalie vizuri. Haya ya kahawia ni maji ya kwetu, na nyinyi mnayanywa hayo hayo. Haya meupe, na hapa ufizi ulipoungua, ni ya Jumamosi. Nilichukua dawa kali ya humu ndani bila ruhusa, nikaivaa tangu asubuhi mpaka mchana, kwa sababu ya picha ile pale ukutani. Na hiyo ni dawa ninayoijua miaka kumi na tisa. Yako wewe hujui hata ina nini."

Sikuthubutu kumtazama daktari. Binti alisogea karibu, karibu kabisa, akachungulia mdomo wa Mama Dirisha kama yeye ndiye mpimaji.

"Inauma?" akauliza. Mara ya arobaini na moja siku hiyo, lakini safari hii sikukasirika.

"Nikivuta pumzi tu."

"Na mumeo, alisema nini?"

"Mume wangu ni fundi viatu, hana maneno mengi. Alisema yeye alioa mtu, hakuoa meno. Na kwamba angefurahi zaidi kama mtu huyo asingeunguza suruali yake kwa pasi."

Binti akacheka, na mkono ukaruka kwenda mdomoni. Mama Dirisha akaudaka njiani. Naye mwenyewe alikuwa anacheka, na sasa mkono mmoja umeshika ufito, wa pili umeshika mkono wa binti, hana wa kujifunikia. Nilikuwa nimefanya kazi na mwanamke huyu miaka kumi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kukiona kicheko chake chote. Nilipenda nilichokiona. Nikachukua simu, nikawapiga picha.

Binti aliniachia kichupa mezani, nikampangia tarehe ya kurudi. Mlango ulipofungwa, daktari akanyoosha mkono.

"Funguo za kabati."

Mama Dirisha akampa. Daktari akanipa mimi. "Zikae kwako miezi sita," akasema, na kwa mtu anayemjua, miezi sita maana yake kazi bado ipo. Kisha akamgeukia Mama Dirisha. "Na wewe kaa kwenye kiti nikutazame fizi. Miaka yote hii hujaniambia."

"Hujaniuliza."

"Niliona haya kukuuliza," alisema daktari, na sikuwahi kumsikia akiongea taratibu vile.

Binti alianza kazi Jumatatu na mabaka yake. Nilimpigia saa saba mchana, nilishindwa kusubiri. Aliniambia mteja wa kwanza alilalamikia foleni, wa pili akalalamikia kalamu isiyoandika, wa tatu alitaka tu kujua choo kiko wapi. Wiki zilivyokwenda, yeye na Mama Dirisha wakawa wanapokezana kwenye kiti, dawa nyepesi, hatua kwa hatua. Siku ya mwisho ya matibabu ya Mama Dirisha, ufito nilishika mimi. Dirishani, kwenye jua. Maziwa aliyapita bila kuyatazama, akasimama kwenye kijino cha pembe ya ndovu, akasema, "Hapa pananitosha, zaidi ya hapo mume wangu ataanza kuniogopa."

Daktari alijitolea kumwita mpiga picha tena. Mama Dirisha akakataa. Ile ya barakoa tuliishusha siku ileile ya binti, na mahali pake niliiweka ya kwenye simu yangu, nusu yake tu, binti tukamkata asije akaonekana na wateja wake. Unaona mwanamke amekamatwa katikati ya kicheko, mabaka, madoa, fizi na vyote, na mkono wa mtu ndani ya mkono wake.

Iko katikati ya picha za kabla na baada, kwa hiyo wagonjwa huchanganyikiwa. Jana tu mzee mmoja aliisimamia muda mrefu, miwani puani, kisha akaniuliza huyu mama ni kabla au ni baada.

"Huyo ni mwenzetu," nikamwambia. "Nenda pale dirishani, anakusubiri."